Kuinuliwa Bila Kufungwa

Baba yangu walimwinua bila kumfunga. Nimejaribu mara kadhaa kuanza kisa hiki kwa upole, kwa kueleza mtaa na watu wake, na kila mara mkono umekataa. Basi nianze na hilo, halafu mengine yafuate: walimwinua bila kumfunga.

Pale kwenye benchi la duka la vipuri vya baiskeli, Ngamiani, kuna sheria moja ambayo haijawahi kubishaniwa. Mtu hainuki mpaka afungwe. Ukikaa kucheza karata na mwenzio, mtakaa hapo hapo mkiwafunga wanaokuja mpaka mchoke wenyewe. Mkifungwa michezo mitatu mnainuka, mnawapisha waliokuwa wakingoja, na mnasimama pembeni mkichekwa. Hakuna pesa inayowekwa, hakuna hata soda. Adhabu yenyewe ni kuinuka tu, na nimewaona watu wazima wenye wajukuu wakiinuka pale macho yamewaiva.

Waliohusika nawataja bila majina, maana wote wapo hai na tunakutana sokoni. Baba ni mstaafu wa bandarini. Mwenzi wake wa karata alikuwa mfanyakazi mwenzake wa huko huko bandarini, na mimi tangu utotoni namwita Ami, kwa jinsi walivyokuwa kama mtu na nduguye. Hao wawili walicheza upande mmoja kwa zaidi ya miaka thelathini. Upande wa pili alikuwa mwenye duka, Mhindi ambaye babu yake ndiye aliyelifungua, pamoja na mzee wa Kishambaa aliyekuwa karani wa shamba la mkonge. Huyu ni Mlutheri, na Jumapili alikuwa anakuja benchini na tai yake ya kanisani, hajala hata chakula cha mchana.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, shule ya msingi. Nilikuwa napita pale kila siku na baiskeli yangu, nasema shikamoo mara nne, naendelea na safari. Karata sikuzijua. Kwetu sisi watoto wa kike, karata zilikuwa kitu cha kuokota sakafuni na kurudisha kwenye boksi lake.

Mwaka juzi baba alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilegea, mkono ukawa unaning'inia, ulimi ukawa mzito, na mdomo ukavutwa kushoto ukabaki huko huko. Akili haikuguswa. Nalisema hili wazi kwa sababu watu wakiona mdomo uliopinda huanza kupaza sauti na kuzungumza kitoto, na mimi kwa jambo hilo nimeshagombana na nesi, na jirani, na shangazi yangu mwenyewe.

Miezi mitano alifanya mazoezi uani kwetu. Alikuwa akiminya soksi iliyoviringwa, akizunguka kisima na mkongojo, akishika ukuta, akianguka, akiinuka. Siku akichoka anakaa chini na kugeuza uso, na mimi namwambia, "Baba, benchi linakungoja." Nilimwambia hivyo kila siku. Nilimuahidi kitu ambacho hakikuwa changu, na mpaka leo roho huniuma nikikumbuka.

Siku aliyokwenda alivaa kanzu aliyoipiga pasi mama na kofia yake iliyoshonwa kwa mkono. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Alikataa nimshike mkono, nikawa namfuata nyuma kama hatua kumi, nikijifanya nina safari zangu. Tulipokata kona nikaona benchi lina watu wanne. Mahali pake alikaa mtu nisiyemfahamu, mnene, mwenye kicheko kikubwa. Baadaye niliambiwa ni shemeji yake Ami, kahamia mjini kutoka Mkwaja.

Kusema haki, walimpokea. Waliinuka wote, wakamkumbatia, wakamwombea dua, karani akatoa miwani akafuta macho. Kisha mwenye duka akaleta kiti cha plastiki cha bluu, akakiweka pembeni, karibu na matairi yaliyotundikwa mlangoni.

"Kaa hapa, kaka, upate upepo," Ami akasema. "Weye pumzika. Tazama tu."

Wakarudi kwenye karata zao. Wakacheza mpaka adhana ya magharibi, na baba akatazama. Alikaa kwenye kile kiti kama mgonjwa anayesubiri kuitwa, mkongojo katikati ya magoti, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kumuuliza kama anataka kushika karata. Njia nzima ya kurudi alitangulia mbele yangu na mkongojo wake. Tulipofika mlangoni akasimama, akajikusanya, akalitoa neno moja kwa vipande.

"Si-ja-fungwa."

Usiku ule sikula. Kesho yake, vipindi vilipokwisha tu, nilikwenda nyumbani kwa Ami. Nilimkuta barazani anabandika kiraka kwenye tyubu ya baiskeli.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Babako hajambo?"

Nikamwambia hajambo, ila mimi ndiye mwenye jambo. Nikamuuliza kwa nini wamemwinua. Nilitegemea ajitie hamnazo, aseme ni afya, ni jua, ni daktari. Hakufanya hivyo. Alifuta mikono akanieleza kinaga ubaga, na ndipo nilipojua jinsi mchezo wenyewe unavyokwenda.

Karata zao ni za watu wanne, wawili kwa wawili, wenzi wakikaa kwa kuelekeana. Wengine huuita mchezo huu albastini. Wao waliuita karata tu. Wanatoa nane, tisa na kumi, zinabaki arobaini, kila mtu anapata kumi. Aina moja kati ya nne, kopa, uru, shupaza au pau, inafanywa turufu, nayo inakata aina nyingine zote. Mtu anaanza na karata moja, wengine wanafuata aina hiyo kama wanayo, na mwenye kubwa anakula zote nne. Anayeshindwa kufuata anaweza kukata kwa turufu, au kutupa chochote. Kisha zinahesabiwa pointi za kila upande. Ree, ile yenye alama moja, ni kumi na moja, na inayofuata, mtu asiyezoea hawezi kuibahatisha, ni saba: kumi nzima, juu ya mfalme.

Sasa mwenzio huruhusiwi kumwambia kwa mdomo una nini. Lakini kwa uso unaruhusiwa. Hiyo ndiyo desturi ya benchi lile, na hakuna anayeiita wizi. Ukiwa na ree ya turufu, unakonyeza. Ukiwa na mfalme wake, unapandisha nyusi. Ukiwa na saba ya turufu, unapinda mdomo upande. Ufundi ni kufanya hivyo wapinzani wakiwa wameinama, maana wakikuona wanakuwa wameambiwa na wao.

"Sasa babako," Ami akasema, taratibu kabisa, "mdomo wake unasema ana saba tangu karata hazijagawiwa. Siye tutajuaje?"

Nilidhani anafanya mzaha. Nilimtazama nikingoja acheke. Hakucheka, alikuwa anangoja jibu. Sijawahi kusikia upuuzi uliopangwa vizuri namna ile. Mtu kapigwa na maradhi usoni, na wenzake, watu waliomzikia wazazi wake, wamekaa wakapima uso wake wakaona haufai kwa kazi.

"Kwa hiyo, Ami," nikamwambia, "miaka yote ile ulikuwa unacheza na mdomo? Hukuwa unacheza na baba?"

"Usinivunjie heshima, mwanangu."

Niliondoka bila kuaga. Habari ilifika nyumbani kabla yangu, na mama alinisema sana, kwamba mtu mzima hageuziwi mgongo barazani kwake. Nilimjibu mama kwamba wao walimgeuzia mgongo mtu mzima hadharani na hakuna aliyewasema. Kisha nikaenda uani kwa baba, nikamwambia anifundishe karata.

Alifundisha vizuri kuliko mimi ninavyofundisha, na maneno yenyewe alikuwa nayo machache. Mkono mmoja hauwezi kushika karata kumi na kuzitoa, kwa hiyo nilichukua brashi ya kufulia, nikaigeuza nywele juu, na karata zikasimama katikati ya nywele zile kama zimepandwa. Alifurahi mno na ile brashi. Mama na mpangaji wetu walikuwa wapinzani, mama akilalamika kwamba mboga inaungua.

Niligombana na mchezo wenyewe pia. Nilipojua kwamba ghulamu ni pointi tatu na bibi ni mbili, niliweka karata chini. Wazee humwita mfalme mzungu wa nne, ghulamu mzungu wa tatu, na bibi mzungu wa pili, yaani kijana wa kutumwa amepita juu ya mwenye nyumba. Nikamuuliza baba nani aliyepanga hivyo. Akainua bega lake zima na kuniashiria nicheze.

Kuhusu ishara niliamua mimi. Nilimwambia, "Baba, siye hatutapeana ishara. Tutahesabu." Mimi ni mwalimu wa hesabu, karata arobaini si nyingi, pointi mia na ishirini si nyingi. Nikamfundisha, yeye aliyecheza kabla sijazaliwa, namna ya kukumbuka kilichotoka. Alinisikiliza. Mara kwa mara katikati ya mchezo alikuwa anainua mkono wa kushoto na kuisukuma kofia yake nyuma kidogo, halafu ananitazama.

"Joto, baba?" nilimuuliza. Mara moja niliinuka nikamvua kofia nikaitundika msumarini. Alinikodolea macho, kisha akaendelea kucheza kichwa wazi.

Baada ya mwezi na kitu nikaona tunatosha. Jumamosi moja nikaitia brashi kwenye mfuko wa plastiki, tukaenda. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nina maneno tangu nyumbani, ya kumwambia Ami, ya kumwambia shemeji yake, ya kumwambia hata mwenye duka na kiti chake cha bluu. Sikupata nafasi ya kuyasema. Tulikuta Ami na shemeji yake ndiyo kwanza wamewafunga mwenye duka na karani, na wale wawili wamesimama pembeni. Pande mbili za benchi zilikuwa wazi.

"Zamu yetu," baba akasema.

Shemeji mtu akacheka kicheko chake. "Na bibie atakaa hapa? Na wanaume?"

Nilifungua mdomo, lakini karani alinitangulia. Alisema kwa sauti yake ya ofisini kwamba sheria ya benchi inasema nani ainuke, haijawahi kusema nani akae. Mwenye duka akatikisa kichwa kukubali. Ami alichukua karata akaanza kuzichanga, akamgawia baba kwanza, moja moja, akizisogeza karibu na brashi ili asihangaike. Hata hilo liliniudhi. Nilitaka awe mbaya moja kwa moja ili nimchukie bila kazi.

Tukafungwa mchezo wa kwanza. Tukashinda wa pili na wa tatu, na nikaanza kuona watu wamesogea, fundi baiskeli kaacha gurudumu linazunguka peke yake. Wa nne wakashinda wao. Mbili kwa mbili. Mchezo wa tano ndio wa kuamua nani atainuka, na baba alikuwa amekaa kama zamani, mgongo umenyooka, mguu mbovu kauficha chini ya benchi. Niliomba moyoni, bila haya, kwamba Mungu aache mambo mengine yote na atazame benchi hili.

Turufu ilikuwa kopa. Nilihesabu kila kitu kilichotoka. Tulipobakiwa na karata mbili mbili nilijua kwamba ree ya kopa imekwisha toka, na kwamba saba ya kopa, ambayo sasa ndiyo kubwa kuliko zote, haijatoka. Nani anayo sikujua. Mkononi mwangu nilikuwa na saba ya shupaza, pointi kumi, na tatu ya uru, ambayo si kitu.

Shemeji alianza na mfalme wa pau. Sikuwa na pau wala turufu, kwa hiyo nilikuwa huru kutupa yoyote. Baada yangu angecheza Ami, na baba angekuwa wa mwisho. Kama baba ndiye mwenye saba ya kopa, angekata na kula zote, na mimi nilitakiwa nimlishe pointi zangu kumi pale pale. Kama hana, nitakuwa nimewatupia wapinzani kumi za bure. Niliinamia karata zangu, nikapiga hesabu, nikapiga tena. Nikaamua mwenye busara hatupi asichokijua. Nikatupa tatu ya uru.

Ami alishika karata moja, akaiacha, halafu naye akatupa tatu, ya shupaza. Nilifurahi kwamba naye hakumlisha mwenzake pointi. Kisha baba akapeleka mkono wa kushoto kwenye brashi, polepole, akang'oa karata na kuilaza juu ya mfalme. Saba ya kopa.

Baba akaanza na karata yake ya mwisho, bibi wa shupaza. Shemeji akatupa tano ya uru. Mimi nilibaki na saba yangu ya shupaza na hakuna pa kuificha, nikaiweka. Ami akaifunika na ree ya shupaza. Ree ile alikuwa nayo tangu mwanzo. Angeweza kumlisha shemeji yake wakati mfalme alipokuwa mbele, kama mtu yeyote angefanya, na hakumlisha.

Walihesabu. Wao sitini na tatu, sisi hamsini na saba. Kumi zangu zingewafunga wao.

"Ulijuaje?" nilimuuliza Ami. Sauti yangu haikuwa nzuri. "Ulijuaje kama baba anayo? Kwa nini ulizuia ree?"

Ami alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mwanangu, hukumwona? Kasukuma kofia sasa hivi. Mara mbili kaisukuma. Mchezo wa pili kaisukuma, akatoa saba. Wa tatu kaisukuma, akatoa saba." Akamgeukia baba. "Mzee kabuni ishara yake, akanificha mie mwezi mzima. Kumbe ungenambia tu."

Kila mtu pale alikuwa ameona. Fundi baiskeli alikuwa ameona. Nilimtazama baba, kofia yake imekaa nyuma kisogoni, na nikakumbuka ule msumari uani kwetu nilipoitundika. Mwezi mzima mtu huyu alikuwa akiniambia, kwa mkono mmoja uliombakia, na mimi nilikuwa namwambia tuhesabu. Nilikwenda barazani kwa watu kuwafokea kwamba hawamtazami baba yangu usoni, na mimi niliyekaa naye uso kwa uso kila jioni sikuwahi kumtazama. Hasira niliyokuja nayo ilikuwa bado ipo, nyingi vile vile, ila sasa sikuwa na mtu wa kumpa.

"Tucheze tena," nikasema. "Kosa ni langu. Baba hakukosea. Huu usihesabiwe."

"Mwalimu," karani akasema, "michezo ni mitatu."

Shemeji wa Mkwaja alikuwa anacheka. Mwenye duka alikuwa anacheka. Ami alizikusanya karata, akazigonga kwenye benchi ziwe sawa, kisha akamwelekea baba na kumwambia kwa sauti ile ile ambayo kwa miaka yote niliyopita pale na baiskeli nilimsikia akiwaambia wengine.

"Haya, mzee, mmefungwa. Inuka, pisha watu."

Sikuvumilia. Nilimwambia Ami aone haya, mtu mgonjwa haamrishwi hivyo, na nikamwinamia baba nimshike kwapani. Akanisukuma kwa kiwiko. Alikuwa anacheka na yeye, kwa ule upande wa uso unaoweza, jasho linamtoka, na alitafuta mkongojo wake chini ya benchi bila haraka yoyote, watu wote wakimngoja.

"Niache, mama," akasema, na safari hii maneno yalitoka yote. "Nimefungwa. Niache niinuke."